Tundu Kwenye Medali ya Kampeni Si Kasoro

Kwa mkusanyaji wa sarafu, kipande kilichotobolewa kimeshaharibika. Akihamia kwenye medali za kampeni za urais wa Marekani huja na kipimo hichohicho, ndiyo maana medali ya William Henry Harrison ya 1840, ile yenye kibanda cha magogo, hushuka bei ikiwa na tundu.

Hoja yake ina uzito. Tundu likitobolewa vibaya hula herufi, na kipande kizima huonyesha kazi yote ya mchongaji. Lakini medali hizi hazikuwa pesa. Zilitengenezwa zivaliwe: utepe au uzi ulipitishwa tunduni, na aliyeivaa akajulikana yuko upande gani. Ferotipu za Abraham Lincoln za 1860, picha ndogo ndani ya fremu ya brasi, zina Lincoln asiye na ndevu mbele na mgombea mwenza Hannibal Hamlin nyuma. Zikining'inizwa kwa tundu, pande zote mbili husomeka.

Tundu la zamani kwa kawaida liko katikati, juu ya kichwa. Ndani yake rangi imefifia sawa na uso wa medali, na ukingo wa juu umelainishwa na uzi. Likiwa linang'aa ndani, lina makali, au limekata jina la mgombea, huenda lilitobolewa baadaye. Hapo punguzo la bei ni haki.

Linalosikitisha ni kuziba. Kwa kuwa soko hulipia zaidi kipande kizima, matundu halali hujazwa kwa kulehemu, kisha herufi huchongwa upya. Medali za metali nyeupe, mchanganyiko ambao sehemu kubwa ni bati, huumia zaidi: bati huyeyuka kwenye nyuzi 232 za Selsiasi, karibu na joto lenyewe la kulehemu, hivyo maandishi ya jirani hulegea na kufifia. Sheria ya Marekani ya 1973 hutaka nakala za vitu vya kisiasa zipigwe chapa ya mwaka zilipotengenezwa, ila inahusu vitu vya kuiga. Medali halisi iliyozibwa ni jambo jingine.

Kabla ya kulipa, chukua lenzi ya mara 10, inamisha medali chini ya taa moja, utafute mstari mwembamba wa duara juu ya kichwa. Anza na upande wa nyuma, kwa sababu fundi hujitahidi zaidi kwenye sura. Kwenye picha za mnada, omba pande zote mbili zipigwe kwa mwanga wa ubavuni.