Ndani ya Kabati na Mama Mkwe

Selotepu ina nuru. Usicheke. Ukiibandua kwa nguvu gizani, pale inapoachana na roli yake panawaka mstari wa buluu. Gundi inapong'oka, chaji za umeme hutengana, kisha hurukiana hewani na kuifanya naitrojeni ing'ae. Mwaka 2008 watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, waliibandua ndani ya chombo kilichoondolewa hewa, wakapata eksirei za kupigia picha mfupa wa kidole. Selotepu hiihii ya kubandikia karatasi! (Penye hewa ya kawaida eksirei hizo hazitoki, msije mkaitupa.)

Ila nuru yenyewe ni hafifu, lazima macho yazoee giza kwanza. Nyumbani, giza la kueleweka lilikuwa ndani ya kabati la nguo tu. Nikajipenyeza kati ya makoti na roli langu, pamoja na redio ndogo ya AM niliyoiweka pasipo na stesheni, maana cheche hizo hutoa na mawimbi ya redio. Nikasubiri hadi usingizi ukaanza kuninyemelea.

Nikavuta. Krrraa! Redio ikajibu kwa mikwaruzo, na pale gundi ilipokuwa iking'oka ukatokea uzi wa buluu, mwembamba, unatetemeka. Nilipoacha kuvuta, ukazimika. Nikapiga ukelele wa furaha.

Mlango ukafunguliwa. Mama mkwe, anatafuta shuka. Mbele yake mkwewe amechutama, redio inakoroma, selotepu imenasa ndevuni.

"Baba, unaumwa?"

"Sijambo, mama. Naangalia mwanga."

"Mwanga gani unakaa kabatini?"

Nikamweleza chaji, nikamweleza naitrojeni, huku nang'oa selotepu kwenye ndevu na machozi yananilengalenga. Akasikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Hebu sogea."

Akaingia, akavuta mlango. Jamani, kukaa kimya gizani na mama mkwe, magoti yamegusana, mnasubiri macho yazoee! Nilikuwa napumua kwa zamu. Hatimaye akashika roli, mimi ncha.

"Vuta!" Krrraa! "We! Vuta tena, kwa nguvu, umekula au hujala?"

Tuko katikati ya vigelegele, mlango ukafunguliwa tena. Mke wangu. Akanitazama mimi, akamtazama mama yake, akaitazama redio. Mdomo ukafunguka, neno halikutoka.

"Funga mlango, wewe," mama mkwe akamfokea. "Unatuharibia giza!"