Altezza ya gia za mkono bado ndiyo gari la mbio la kijana wa Dodoma

Jumapili iliyopita, pale Nkuhungu, nilitia kidole kwenye bomba la hewa la Toyota Altezza moja nyeupe nikakitoa kikiwa chekundu. Haikuwa kutu. Lilikuwa vumbi letu hili hili la Dodoma. Mwenye gari alikuwa ameng'oa boksi zima la klina (kichujio cha hewa) la kiwandani akafunga klina ya wazi, ile yenye umbo la koni inayoifanya injini ivute hewa kwa mlio mnene. Mlio wenyewe ni mtamu, sikatai. Lakini mji huu unaweza kukaa kuanzia Mei hadi Novemba bila mvua ya maana, na vumbi likishapita klina linakwenda moja kwa moja kusaga kuta za silinda.

Nilikuwa na mdogo wangu, mtoto wa mama mdogo, aliyepata ajira mwaka jana na sasa kila siku yuko Mtumba, kwenye Mji wa Serikali. Ana milioni kumi na mbili alizodunduliza. "Kaka," aliniambia, "nataka gari la mbio, ila siku nikiamua kuliuza nisilie." Nimelibeba swali lake wiki nzima.

Jibu langu ni Altezza. Siyo yoyote, bali ya silinda nne, gia sita za mkono, isiyochezewa. Najua watu wa Mark X watanibishia.

Altezza ilianza kutengenezwa 1998 ikaachwa 2005, na msimu wake wa kwanza ilichukua tuzo ya gari bora la mwaka huko Japani. Nchi nyingine waliinunua kwa jina la Lexus IS. Kwetu zimeingia za aina mbili. Kuna ya silinda sita yenye injini ya 1G, dada wa Mark II na Verossa. Spea zake zipo na fundi yeyote anaijua, lakini kwa nguvu zake za farasi 160 ni gari la kutembelea zaidi kuliko la kukimbilia. Halafu kuna RS200, ile ya silinda nne niliyoisema, yenye injini ya 3S-GE ambayo Toyota walishirikiana na Yamaha kuitengeneza: lita mbili, bila tabo (turbo, kifaa cha kuisindilia injini hewa), farasi 210 kwa ile ya gia za mkono. Giaboksi lake limetoka Aisin, na ni la ukoo mmoja na lile la Nissan Silvia S15 na Mazda RX-8. Silvia yenyewe leo inatafutwa duniani kwa fedha ambayo hapa unapata kiwanja na kuinua msingi.

Sasa kwa nini RS200 bado ni rahisi kwetu? Kwa sababu soko la Dodoma linaogopa gia za mkono. Mnunuzi wa hapa ni mtumishi wa serikali, mhadhiri, mfanyabiashara wa mahindi. Anataka IST, Crown au Harrier, gari la oto ambalo yeye, mwenzake na shemeji wote wataliendesha. Dalali akisikia lina klachi anakata bei kabla hujamaliza sentensi. Tena Altezza nyingi zina namba B au C, yaani ziliandikishwa zamani, na watu wetu husoma herufi ya kwenye kibao kabla hawajafungua boneti. Hapo ndipo nafasi ya mdogo wangu ilipo.

Upande wa pili ni kwamba RS200 nyingine haziji, au zikija zitakuja kwa bei ya kuumiza. Gari lililozidi miaka 10 linaongezewa ushuru wa bidhaa wa asilimia 30 kwa sababu ya umri, mbali na ushuru wa forodha wa asilimia 25 na VAT ya asilimia 18. Altezza changa kuliko zote imeshapita mbali hapo. Na huko Japani kwenyewe tunagombania mnadani na Wamarekani. Sheria yao inaruhusu gari lililofikisha miaka 25 kuingia bila kutimiza masharti ya usalama ya magari mapya, kwa hiyo kila mwaka kundi jingine la magari ya mbio ya zamani linafunguliwa mlango, na bei ya mnadani inapanda. Skyline GT-R ya R34 tumeshaipoteza kwa njia hiyo. Altezza imepona kidogo kwa sababu wenzetu wale tayari walikuwa na Lexus yao.

Lakini nisimjaze mdogo wangu matumaini ya bure. Hapa Bongo gari halipandi bei kwa kuadimika tu. Linaacha kushuka likiwa zima, basi. Nimeona RS200 mbili mwaka huu: moja imekatwa springi, imefungwa bampa ya mtaani, taa za ukungu hazipo, imekaa kwenye maegesho pale Area D miezi mingi na mwenyewe anaendelea kushusha bei. Nyingine ina rangi yake ya kiwandani, viti vyake, hata jeki yake kwenye buti. Ilikaa siku nne ikaenda Arusha. Umri wao ni mmoja.

Mark X ni gari zuri na nitalisifu mbele ya mtu yeyote. Limetulia barabarani, V6 ya lita mbili na nusu inasukuma vizuri, na matairi ya nyuma ndiyo yanayosukuma kama kwenye Altezza. Ila zinazotembea mitaani kwetu ni oto, na injini ile ya 4GR inanyunyiza petroli ndani ya silinda moja kwa moja, kwa hiyo vali za kuingiza hewa hazioshwi na mafuta na masizi yanajikusanya. Nyingi zikifika umri fulani zinaanza kula oili, na mwenye gari asiyechungulia stiki anakuja kugundua siku injini inagonga. Kwa upande wa soko, Toyota waliendelea kuitengeneza hadi Desemba 2019. Bado zitaingia nyingi. Kila shehena mpya ikishuka Dar, ya kwako inashuka thamani.

Subaru Impreza WRX inanigusa moyo. Ile injini ya boksa (silinda zake zimelala ubavu) ya EJ20 ikiwaka asubuhi mtaa mzima unajua, na historia yake haihitaji kupambwa: dereva Colin McRae alishinda Safari Rally ya Kenya na Impreza ya mashindano mwaka 1997. Tena hapa Dodoma tabo ina faida ambayo watu hawaizungumzii. Tuko takriban mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi, na injini isiyo na tabo inapoteza karibu sehemu moja ya kumi ya nguvu zake. Yenye tabo inajisindilia hewa, haisikii sana. Kinachonirudisha nyuma ni wale waliotangulia kuzimiliki. Ni nadra kupata WRX ambayo hakuna mtu ameongeza presha ya tabo, au amesahau mkanda wa taimingi mpaka ukakatika. Ukiipata safi, chukua na utunze fedha ya kuihudumia pembeni.

RX-8 mwacheni. Injini ya rota inakula oili kwa jinsi ilivyoundwa, na sijaona fundi Dodoma wa kunifungulia nikalala usingizi.

Kuna Toyota 86, na pacha wake Subaru BRZ, za kuanzia 2012. Nikiulizwa gari gani kati ya haya yote litaheshimiwa miaka kumi na tano ijayo, nitasema hilo. Ni jepesi, lina injini ya boksa ya lita mbili, matairi ya nyuma yanasukuma, na jina limechukuliwa kwa makusudi kutoka AE86 ya miaka ya themanini. Milioni kumi na mbili haifikii. Akishindwa kusubiri, nitamwelewa.

Mimi Altezza yangu ninayo mwaka wa sita. Kilichokaribia kuniulia haukuwa mwendo, yalikuwa maji. Fundi mmoja aliniwekea rejeta maji ya kisima akaniambia yanatosha. Maji ya huku yana chumvi. Ukitaka kuyajua tazama chini ya birika lako la chai, ule ukoko mweupe unaogoma hata kwa kisu. Ndio uliokuwa ndani ya rejeta yangu gari lilipochemsha karibu na Kibaigwa, saa nane mchana, mshale wa joto umelala juu na mvuke unatoka kwenye boneti. Nilibahatika nikazima mapema, gasketi ikapona. Tangu siku ile ni kulanti tu, na klina ya hewa naibadilisha mara mbili zaidi ya kitabu kinavyosema. Gharama zenyewe ni ndogo kuliko rimu moja ya mapambo.

Na raha yake? Jumamosi moja moja naondoka kabla ya jua, nashika barabara ya Iringa, navuka bwawa la Mtera, halafu napandisha Nyang'oro. Pale mlima unakunja barabara kushoto kulia, na hapo huhitaji spidi ya kutisha ili ufurahi. Gia ya tatu, ya pili, ya tatu tena, gari linazunguka kana kwamba linakujua. Vijijini narudi hamsini, siyo kwa sababu ya tochi ya trafiki na faini yake ya elfu thelathini, ila kwa sababu watoto wanavuka na mbuzi. Tangu treni ya SGR ianze kufika Dodoma mwaka 2024, safari zangu za kikazi za Dar ni za treni, na gari limebaki kwa ajili ya asubuhi kama hizo. Nadhani vijana wengi wa hapa watafika huko, na ndiyo maana naamini magari haya yatapata wenyewe.

Turudi Nkuhungu. Mwenye ile nyeupe ni mtu muungwana. Boksi la klina la kiwandani anasema analo stoo, hakulitupa. Anataka tisa na nusu, maongezi yapo. Tumemwomba alirudishe mahali pake, na asiwashe gari kabla hatujafika, maana tunataka kuisikia ikiwaka ya baridi. Jumamosi nakwenda na fundi wangu na kipimo cha kompresheni, yaani presha ya ndani ya silinda. Silinda zote nne zikisoma sawa, mdogo wangu anatoa fedha. Moja ikiwa chini ya wenzake tunamshukuru mzee na kuondoka, hata kama limeng'arishwa namna gani.