Kilo za boksi zinatoka wapi kwenye hesabu ya msuguano?

Mpe mwanafunzi swali la boksi linaloteleza sakafuni hadi lisimame, naye atauliza kwanza, "Lina kilo ngapi?" Kwa maoni yangu, swali zuri la msuguano halitaji kilo kabisa, na mwalimu anayezitaja anaficha utamu wote wa hesabu.

Kani ya msuguano ni kizigeu cha msuguano mara kani ambayo sakafu inalibeba boksi, na sakafu ikiwa tambarare kani hiyo ni sawa na uzito. Boksi zito husuguliwa zaidi. Lakini ni gumu zaidi kusimamisha, tena kwa kiasi kilekile! Tungamo (zile kilo) linakatika pande zote mbili, inabaki μg tu: kizigeu (μ) mara mchapuko wa mvutano wa dunia (g). Anayekimbilia kikokotoo tangu mstari wa kwanza hapati nafasi ya kuliona hilo.

Chukua kizigeu 0.3 na g iwe 10. Kila sekunde boksi linapoteza mita 3 kwa sekunde, liwe tupu au limejaa vyuma. Likianza na kasi ya 6, linasimama baada ya sekunde 2. Umbali ni kasi mara kasi, gawanya kwa 2μg: 36 kwa 6, yaani mita 6. Kati ya hizo, mita 4.5 zimekwenda sekunde ya kwanza peke yake. Sasa anza na 12. Muda unakuwa sekunde 4, ila umbali unaruka hadi mita 24. Dereva aliyekanyaga breki hadi magurudumu yakakwama yumo ndani ya hesabu hiihii.

Ni makadirio, sikatai. Mwanafizikia Mfaransa Coulomb alipochapisha majaribio yake mwaka 1785 alionyesha kwamba kasi haibadilishi sana msuguano wa vitu vikavu, na hiyo "sana" ina kazi yake.

Mtego ninaoupenda ni huu: uliza boksi la kwanza liko wapi baada ya sekunde 3. Wengi wataandika 6 × 3 toa 1.5 × 9 (kasi mara muda, toa nusu ya 3 mara muda mara muda), wapate mita 4.5, na wapige mstari chini ya jibu. Yaani boksi lilifika mita 6 halafu likarudi nyuma lenyewe! Msuguano hausukumi kitu kilichokwisha simama. Tafuta kwanza muda wa kusimama, ndipo uguse fomula.