Tumerudi kununua neema

Chupa ilikuwa dirishani, kando ya miwani yake ya kusomea. Chupa ndogo ya plastiki, imebandikwa karatasi yenye picha ya mtumishi aliyevaa suti nyeupe na maandishi makubwa: MAFUTA YA UPAKO. Nilimuuliza mama mkubwa ameipata lini. Akaniambia hiyo ni ya tatu, mbili za kwanza zimeshakwisha. Baadaye binamu yangu alinivuta pembeni, tukasimama migombani, akanieleza kwamba ili ipatikane hiyo ya tatu, pamoja na nauli na sadaka ya kuombewa, waliuza mtamba.

Mama mkubwa alikuwa na saratani ya kizazi, nayo ilikuwa imeshasambaa. Hospitali walimrudisha nyumbani na dawa za maumivu. Sikuishangaa familia kuhangaika. Mwenye mgonjwa hubisha hodi kila mlango. Hata mtamba, atapatikana mwingine. Kilichonikosesha usingizi ni jibu alilopewa mama mkubwa alipopiga simu kueleza kwamba hali haijabadilika. Mtumishi alimwambia mafuta hayana tatizo, tatizo liko kwenye imani yake. Basi mwanamke aliyeketi kwenye benchi lile lile la kanisa kwa zaidi ya miaka hamsini akaanza kukesha akiipekua roho yake, atafute ni wapi imani imetoboka.

Naandika kwa sababu yake.

Tukiambiwa kwamba Wakristo wa siku hizi wameyaacha mafundisho ya kale, haraka tunawaza Ulaya, kule makanisa yanakogeuzwa kuwa migahawa na makumbusho. Tunajipa moyo kwamba kwetu watu wanajaa mpaka nje, viti vya plastiki vinaongezwa chini ya mahema. Ni kweli, wanajaa. Na katika usharika wetu sijawahi kumsikia mtu akisimama kuukana Utatu. Kila Jumapili tunaikiri Imani ya Mitume kwa sauti moja, mpaka "ondoleo la dhambi, kiyama ya mwili, na uzima wa milele". Ibada ikiisha, wengi wetu tunapanda daladala kwenda kwa nabii, kutafuta kile tunachoona tunakihitaji hasa. Ile Imani tumeibakiza kama picha ya babu ukutani. Hakuna anayegombana nayo, na hakuna anayemwendea babu kuomba ushauri.

Mimi ni Mlutheri, na kwa sisi Walutheri aibu hii ina uzito wa pekee. Mwaka 1517 mtawa aliyeitwa Johann Tetzel alikuwa akizunguka Ujerumani akiuza hati za rehema, zilizodaiwa kumwondolea mtu adhabu ya dhambi zake. Frederick, mtawala wa Saxony, hakumruhusu kuuza katika himaya yake. Watu wa Wittenberg wakavuka mpaka, wakaenda miji ya jirani kama Jüterbog, wakanunua, wakarudi na hati mkononi kwa padre wao, Martin Luther, wakitaka awaondolee dhambi bila kutubu. Sehemu ya fedha zile ilikwenda Roma kulijenga Kanisa la Mtakatifu Petro, na sehemu ilikwenda kulipa deni ambalo Askofu Mkuu Albrecht wa Mainz alikuwa amelikopa kwa akina Fugger, matajiri wa benki, ili apate cheo chake. Mama mwenye sarafu zake pale sokoni hakuambiwa habari ya deni. Hoja zile 95 tunazozikumbuka kila Oktoba 31 zilitokana na uchungu wa mchungaji aliyeona kondoo wake wakiibiwa huku wakishukuru.

Kanisa lililozaliwa na uchungu huo ndilo ambalo wamisionari wa Kilutheri wa Leipzig, Ujerumani, walilileta Machame, Kilimanjaro, mwaka 1893. Na leo wajukuu na vitukuu vya waliobatizwa nao wanavuka mpaka kwenda kununua, kisha wanarudi Jumapili kushiriki meza ya Bwana kana kwamba hakuna kilichotokea. Tena hatununui mafuta peke yake. Kuna maji, chumvi, udongo, vitambaa, stika za kubandika mlangoni na kwenye gari. Kila kimoja kina bei yake, hata pale inapoitwa sadaka.

Tarehe 1 Februari 2020 mambo haya yalitufikia kwa namna ambayo sidhani mtu wa Moshi ataisahau. Katika uwanja wa Majengo watu 20 walikufa wakikanyagana, wakiwahi kukanyaga mafuta ya upako yaliyomwagwa chini. Jumapili zilizofuata, mahali nilipokuwa nasali, nilisikia salamu za pole na sala kwa ajili ya wafiwa, na hayo yalistahili. Nikangoja mtu asimame madhabahuni aulize swali lingine: ni mafundisho gani yaliyomfanya mama wa Kikristo aamini kwamba neema ya Mungu imemwagwa mita chache mbele yake, na kwamba akichelewa ataikosa? Hakuna aliyeuliza. Tulizungumzia milango ya uwanja.

Najua nitajibiwa nini. Nitaambiwa sina imani na uponyaji, kwamba "andiko huua, bali roho huhuisha", kwamba mafundisho ya katekisimu ni makavu na watu wana kiu ya nguvu za Mungu. Mimi naamini Mungu anaponya. Nimeshiriki maombi ya mgonjwa ambaye madaktari walikuwa wamekata tamaa naye, akainuka, na hadi leo analima. Na mafuta yamo katika Biblia. Yakobo ameyaandika waziwazi katika sura ya tano. Lakini hebu tusome pale polepole. Mgonjwa na awaite wazee wa kanisa. Wao ndio wanaofunga safari kumfuata kitandani, yeye hapandi basi kuwafuata wao. Wanakuja wengi, si mtu mmoja mwenye picha yake kwenye chupa. Wanaomba, wanampaka kwa jina la Bwana, na mara inafuata habari ya kuungamiana dhambi. Bei haikutajwa. Na kule kuomba kwa imani kunakomwokoa mgonjwa ni kwa hao waliokuja kumwombea. Nimeusoma mstari huo mara nyingi tangu siku ile, na sioni mahali ambapo mgonjwa anaambiwa kwamba amepungukiwa.

Wauzaji wa vitambaa wanapenda Matendo 19, pale leso na nguo zilizogusa mwili wa Paulo zilipopelekwa kwa wagonjwa wakapona. Vizuri. Basi na wasome pia mwisho wa waraka wa pili kwa Timotheo, ambako Paulo huyo huyo anaandika kwamba Trofimo alimwacha Mileto, hawezi. Mtu mwenye leso zile alimwacha rafiki yake na mwenzake wa safari akiwa mgonjwa, akaendelea na njia, wala hakuandika kwamba Trofimo ana imani haba. Yeye mwenyewe aliomba mara tatu mwiba uondolewe mwilini, akajibiwa kwamba neema inamtosha. Mahubiri juu ya Trofimo sijawahi kuyasikia kwenye kongamano lolote, na nimehudhuria mengi.

Hapo ndipo ninapoona tumepotea. Wapotofu wa karne za kwanza walibishana juu ya Kristo ni nani, mpaka maaskofu wakakutana Nikea mwaka 325. Ubishi ule ulikuwa wa watu waliojali jibu. Leo swali lenyewe halitugusi. Msalaba umebaki juu ya paa na shingoni, lakini habari kwamba Mungu anaweza kuwa pamoja na mtu katikati ya maumivu, bila kuyaondoa, tumeiona kama habari ya walioshindwa. Mtu akifa mapema tunanong'ona kuhusu laana ya ukoo. Akifilisika tunauliza ana madhabahu gani ya matambiko ya ukoo nyuma yake. Hizo zilikuwa hofu za mababu zetu kabla hawajabatizwa, na wao walibatizwa wakafurahi kwa sababu waliambiwa Kristo ameshazimaliza. Sisi tumezifufua, tukazipa mistari ya Biblia na tiketi ya kiingilio.

Lawama sitawabebesha manabii peke yao. Sisi tuliobaki kwenye makanisa ya zamani tumewaandalia wateja. Chukua mafundisho ya kipaimara. Katika Katekisimu Ndogo ya mwaka 1529 kila amri, kila sehemu ya Imani na kila ombi la Sala ya Bwana hufuatwa na swali lile lile, "Maana yake nini?" Luther aliiandika baada ya kuzunguka vijijini Saxony na kukuta watu, hata mapadre, hawajui Sala ya Bwana. Alitaka baba mwenye nyumba aweze kuwajibu watoto wake mezani. Kwetu limekuwa zoezi la kukariri. Mtoto anajibu mbele ya usharika, anapigiwa vigelegele, na kuanzia hapo mazungumzo yote ni ukumbi, keki, sare na mshereheshaji. Familia inachangisha miezi mitatu kwa ajili ya sherehe. Dakika tatu za kumuuliza yule kijana maana yake nini hazipatikani.

Na kuna suala la fedha, ambalo wachungaji wetu hawapendi tuliseme. Mnada wa baada ya ibada siupingi; mkungu wa ndizi na trei ya mayai ya mjane asiye na fedha taslimu vimeezeka makanisa mengi, na pana utu ndani yake. Lakini matangazo yanapochukua muda kuliko neno, bahasha ya jengo, bahasha ya gari, ahadi ya kwaya, ahadi ya jimbo, majina ya wasiomaliza yakisomwa, mtu mwenye uvimbe mwilini anasikia nini? Anasikia pande mbili zinamwomba fedha. Upande mmoja angalau unamwahidi kitu. Siwezi kumlaumu sana akichagua huo.

Mama mkubwa alipata kipaimara mwaka 1961. Jumatano moja jioni mwinjilisti wa mtaa alikuja na wazee wawili wa kanisa, kwa miguu, viatu vimejaa matope ya mvua. Binamu yangu ndiye aliyewaita. Hawakuzungumza habari ya chupa ingawa waliiona. Waliimba wimbo mmoja kwa sauti ya chini, wakaomba. Kisha mwinjilisti akaanza kusema maelezo ya sehemu ya tatu ya Imani, ile ya Roho Mtakatifu: naamini ya kuwa siwezi kwa akili zangu wala kwa nguvu zangu...

Mama mkubwa akampokea, macho yamefumba. "Siwezi kwa akili zangu wala kwa nguvu zangu kumwamini Yesu Kristo Bwana wangu, wala kumwendea." Akanyamaza. Tulidhani ni maumivu. Akafumbua macho, akarudia neno moja tu, "siwezi", akamtazama mwinjilisti.

"Kumbe tulifundishwa hivi, mwanangu?"

"Tulifundishwa, mama. Hata kuamini, ni yeye anayetupa."

Alilia kidogo, akaomba uji. Zilikuwa siku nyingi hajaomba chakula mwenyewe.

Mwinjilisti aliendelea kuja kila Jumatano mpaka mama mkubwa alipofariki, mwezi uliofuata. Alikuja kwa miguu akaondoka kwa miguu, na mara moja tu alikubali kubebeshwa ndizi.