Nyumba ya Mungu: kabla hamjamfungia mvuvi, liangalieni na geti la bwawa

Kila joto likianza kukolea, Oktoba hiyo mpaka mwezi wa tatu masika yanapogonga hodi, habari za bwawa la Nyumba ya Mungu kule Kilimanjaro zinarudi midomoni mwa watu. Samaki wamepungua, perege ni wadogo kama kiganja cha mtoto, na dawa inayotajwa ni ile ile, fungeni bwawa, wavuvi watoke samaki wapumue. Hata huku Tanga utaisikia, maana wanaokwenda na kurudi njia ya Korogwe, Mombo, Same mpaka Mwanga ni wengi na perege wa kule tunamjua. Hoja hiyo ina ukweli ndani yake na nitaisema kwa haki, ila mi naona anayebebeshwa lawama peke yake ni yule ambaye hana geti mkononi.

Tuanze na wanaotaka lifungwe. Hawa si watu wabaya. Bwawa limeshawahi kufungwa na sababu zilikuwepo, kokoro, ule wavu unaokokotwa mpaka kwenye nyasi, linazoa vifaranga na mama zao, kuna nyavu za macho madogo, kuna katuli ya kupiga maji ili samaki wakimbilie nyavuni, na haya yote yanafanyika, mvuvi mkweli hawezi kukukatalia. Sisi wa Tanga ndo wa mwisho kutetea uvuvi haramu, pwani yetu imepigwa mabomu miaka na miaka na matumbawe yaliyovunjika hayajarudi. Halafu tumeona pia kufunga kunasaidia, vijiji vya pwani vinafunga miamba ya pweza kwa miezi michache na siku ya kufungua pweza wanatoka wakubwa. Ziwa Tanganyika nalo lilifungwa miezi 3, kuanzia tarehe 15 Mei mpaka 15 Agosti 2024, na nchi zote 4 zinazolizunguka ziliafikiana. Kwahiyo kufunga kwenyewe si dhambi.

Lakini hapo ndo pana tofauti ambayo naona inarukwa. Ziwa Tanganyika halina mtu anayelifungulia maji, mwamba wa pweza hauna mtu anayeuhamisha usiku. Nyumba ya Mungu lina geti la kutolea maji. Ni bwawa la kutengenezwa, lilianza kujaa mwishoni mwa miaka ya 1960 pale mito ya Ruvu na Kikuletwa inapokutana, na kiwango cha maji yake kiangazi kinategemea mvua, ndiyo, na wakulima wa huko juu wanaochepusha mito, lakini pia kinategemea uamuzi wa binadamu kwamba leo tutoe kiasi gani.

Sasa mwangalie perege anavyozaa. Dume anachimba kitu kama kisahani kwenye mchanga au tope, pasipo na kina, karibu na ukingo. Jike anataga pale, mayai anayabeba mdomoni mpaka yaanguliwe, na wale wadogo wakishaachiwa wanakaa kwenye maji mafupi yenye nyasi, ndiko kwenye chakula na ndiko samaki wakubwa hawafiki kirahisi. Maisha yake ya mwanzo yote yapo ukingoni. Na bwawa hili ni pana kuliko lilivyo na kina, likijaa linafika kama kilomita za mraba 140, kingo zake sehemu nyingi zimelala. Chukua ukingo ambao kila ukitembea mita 100 unashuka mita 1 tu, maji yakipungua mita 2 ule ukingo umehama mita 200 kwenda ndani. Mita 200! Nyasi zote zilizokuwa malezi ya vifaranga zimebaki nchi kavu zinaliwa na ng'ombe, visahani vimekauka, na vifaranga vimesukumwa kwenye maji matupu yasiyo na pa kujificha. Hakuna kokoro lililopita hapo wala hakuna mvuvi wa kupelekwa mahakamani, ila mazalia hayapo.

Na ubaya wake ni kwamba maji yakishuka samaki wanabanana, mvuvi anatega jioni, alfajiri anakuta nyavu nzito, wiki mbili tatu mialo inachangamka utadhani neema. Huo ndo wakati na watu wasio wavuvi wanaingia majini, mkulima ambaye shamba limekauka, kijana aliyekosa kibarua, na hawa mara nyingi ndo wanaokuja na nyavu za hovyo kwa sababu hawana mtaji wa nyavu halali. Kwahiyo kushuka kwa maji na uvuvi haramu havigombani nani ana kosa, kimoja kinamfungulia mwenzie mlango, lakini kwenye mjadala kinahukumiwa kimoja tu.

Na wale wanaopiga hesabu kwa kusema zamani bwawa lilikuwa na samaki tele wakumbuke kwamba mwanzoni mwa miaka ya 1970 bwawa lilikuwa jipya, miti na majani yaliyozama yalikuwa yanaoza na kulisha maji, mabwawa mapya mengi duniani yanafanya hivyo kisha yanatulia. Ile neema isingerudi hata mkiwatoa wavuvi wote.

Haya, maji yanatolewa ya nini? Ya kilimo, ya mto wenyewe usife, na ya umeme. Hapo kwenye umeme naomba tukae kidogo. Mtambo wa pale bwawani ni megawati 8. Maji yale yale yakiteremka mto Pangani yanafika Hale kwetu hapa, megawati 21, yakitoka hapo yanaingia New Pangani Falls, megawati 68. Jumla 97. Ndo maana kwa miaka mingi tone la Nyumba ya Mungu lilikuwa dhahabu, linazungusha mitambo sehemu tatu, na nchi ilikuwa na njaa ya umeme, mgao kila mahali, ukimwambia mtu habari za mazalia ya perege anakuona huna akili. Hiyo ilikuwa hesabu ya kueleweka kwa wakati wake. Leo Rufiji kuna bwawa la Julius Nyerere, mitambo 9 ya megawati 235 kila mmoja, jumla 2,115. Yaani mtambo mmoja tu wa Rufiji unazidi mara mbili vituo vyote vitatu vya Pangani, na vyote vitatu ukivijumlisha hata asilimia 5 ya Rufiji havifiki. Nimeizungusha hii hesabu kichwani kila upande na kila mara inanirudisha kwenye swali lile lile, kama njaa ya umeme imebadilika hivi, kwanini desturi ya kulishusha bwawa kiangazi isikaliwe upya kikao?

Najua jibu la mafundi na si jibu la kupuuza. Umeme wa Rufiji kufika kaskazini ni safari ndefu na mwingine unapotea njiani, mpaka Machi 2025 Rais Samia Suluhu Hassan alizungumzia kununua umeme Ethiopia kwa ajili ya kanda hiyo. Vituo vilivyo karibu kama Hale na Pangani vinasaidia umeme wa huku usiyumbe. Sawa, vibaki, hakuna anayesema vizimwe. Ninachosema ni kasi na majira, kutoa maji polepole na kwa kiwango kinachojulikana miezi ya perege kuzaa sana ni tofauti na kuyavuta kwa haraka ukingo ukakimbia.

Ugumu wa kweli kwangu uko Pangani mjini, na hapa mi kama mtu wa Tanga siwezi kujifanya sioni. Mto ukipungua nguvu bahari inapanda, chumvi inaingia ndani mtoni, wenye minazi na mashamba kandokando wanaumia. Ukimwambia huyo kwamba maji yabanwe kule juu kwa ajili ya samaki atakuuliza mimi je? Na ana haki ya kuuliza. Ila maji yakitoka bwawani kuna vinamasi vya Kirua njiani na kuna skimu za umwagiliaji, si kila lita inayoachiwa kule inafika Pangani.

Kuna na wageni. Desemba watu wakienda makwao Kilimanjaro wanapenda kuchepuka bwawani, wale samaki wa moto, watoto wapande mtumbwi. Maji yakiwa mbali wanakutana na tope pana kabla hawajaona bwawa lenyewe, na viboko na mamba nao wamebanwa kwenye maji yale yale na watu. Mama lishe wa mwaloni anategemea sana wiki zile mbili.

Na sasa mradi wa maji wa Same–Mwanga–Korogwe, uliozinduliwa Machi 2025 hiyo hiyo, unachota humo humo. Kwahiyo kiwango cha bwawa si habari ya wavuvi tena, ni ya mtu anayefungua bomba, na Korogwe ni mkoa wetu.

Mi ningeomba Bodi ya Maji Bonde la Pangani na TANESCO wakikaa baada ya masika, mwezi wa sita hivi bwawa likiwa limejaa, waite na watu wa BMU, vile vikundi vya wavuvi vya kulinda rasilimali, za mialo ya Lang'ata na kwingineko, wapange mbele yao maji yatashuka kiasi gani kila mwezi mpaka Desemba, na watu wa Pangani waje na vipimo vyao vya chumvi. Kokoro likamatwe mwaka mzima, halina utetezi. Kama baada ya hapo bado itaonekana lazima kufunga, mfunge miezi michache ya kuzaliana, na miezi hiyo hiyo geti nalo libanwe, mvuvi asikae nje na njaa huku ukingo unakauka nyuma yake.