Mwacheni shangazi aingie na viatu vyake

Jamani, hii tabia ya "viatu hapo nje tafadhali" itatuharibia wazee. Nimekaa nayo moyoni tangu kile kikao cha harusi, leo naisema.

Shangazi yangu ana kisukari cha miaka mingi, nyayo zimeshakufa ganzi. Tukahangaika weee mpaka akapata viatu vipana vyenye soli za ndani za kupimiwa, zile wanachukua kwanza umbo la unyayo wako. Siku hiyo tunafika mlangoni kwa watu, binti mwenye nyumba kaangalia viatu kwanza ndo ikaja shikamoo. "Shangazi viatu hapo hapo, tumetandika zulia jipya." Na shangazi na adabu zake za Tanga, kavua bila neno. Kashinda peku: sebuleni, jikoni, uani. Usiku namkagua miguu nakuta kijiti cha meno kimezama chini ya kidole gumba na mwenyewe hana habari. Zulia liko salama lakini, asanteni sana.

Watu wanadhani soli zile ni za starehe, mzee anadekezwa. Sikilizeni. Wewe ukitembea na kokoto kwenye kiatu unachechemea, unavua, unakung'uta. Asiyesikia maumivu anatembea nayo mpaka jioni. Na si lazima iwe kokoto, hata uzito wake mwenyewe unatosha, ukigandamiza palepale kila hatua panaota sugu, chini ya sugu nyama inachubuka kimyakimya, siku ikipasuka ndo mnashtuka eti kidonda kimetokea wapi. Kazi ya soli ni kuutawanya huo uzito usikae sehemu moja. Hili halikugunduliwa jana. Paul Brand, daktari mpasuaji Mwingereza mzaliwa wa India, aliliona kwa wagonjwa wa ukoma kule Vellore, India: miguu haikuwa inaoza tu yenyewe, ilikuwa inaumizwa na mwenyewe hasikii. Akahangaika na viatu. Baadaye akaenda hospitali ya ukoma ya Carville, Louisiana, kule Marekani, na somo hilohilo likawafaa wenye kisukari.

Sasa soli iliyobaki mlangoni inatawanya uzito wa nani? Wa mlango?

Na msione ni uswahili wetu tu. Waholanzi walifuatilia watu 171 wenye kisukari waliowahi kupata vidonda vya nyayo, wote wamepewa viatu vya kutengenezewa, kundi moja vikawa vinapimwa mgandamizo na kurekebishwa zaidi. Majibu yakatoka 2013: kwa jumla tofauti haikuwa ya maana. Lakini ukichukua wale waliovivaa kweli, angalau 80% ya hatua zao, vidonda vilirudi kwa 25.7% kwenye kundi la viatu vilivyorekebishwa na 47.8% kwa wenzao. Na walipoangalia vinavaliwa wapi, nje ya nyumba 87% ya hatua, ndani 61%. Yaani mtu anajipanga vizuri akienda sokoni, akirudi kwake anavua eti kapumzika. Sasa hao ni Wazungu ambao hakuna shemeji anawakodolea macho mlangoni! Sisi ambao nyumba nzima ni vigae, na kuvua viatu ndo heshima yenyewe, si ndo balaa kabisa?

Haya, najua mtasema usafi. Kweli, barabara zetu zina tope, na mtoto anatambaa hapo chini, sibishi. Lakini kuna kitambaa na maji, futa soli za viatu vya mzee dakika moja aingie. Kwake nyumbani awe na jozi nyingine safi ya ndani tu, nayo iwe na soli yake. Sio kandambili, sio yeboyebo, na soksi tupu hazihesabiki. Msikitini waulizeni mashekhe, mimi huko siingii.

Gharama, ndiyo, hilo ni tatizo na sina la kuwafariji. Mafundi wenyewe ni wachache, japo pale hospitali ya KCMC Moshi wanafundishwa, chuo chao cha TATCOT kipo tangu miaka ya themanini. Na ukishazipata usizipachike kwenye kiatu cha mtumba kinachobana, soli inakula nafasi, vidole vinasuguana juu, umehamisha kidonda tu. Zikishalala, ukibonyeza hazirudi juu, rudi kwa fundi. Na ingiza mkono ndani ya kiatu kila asubuhi kabla mzee hajavaa, utashangaa unachokuta.

Halafu kuna nyie wa mtandaoni na soli zenu za sumaku, zile za vinundunundu "zinazofungua mishipa na kuondoa ganzi". Vinundu! Mtu tunayemwepusha na kokoto nyie mnamuuzia kokoto za kushonea, kwa bei ya kuku watatu, na picha ya daktari kavaa koti jeupe. Mmoja kanifuata inbox juzi, nikamuuliza kama mama yake anazivaa. Kanijibu nichangamkie ofa inaisha leo. Nimembloku.