Mtoto kavimba jicho, wekeni chini hayo matone

Kuna kitu kinanikera sana, mtoto kavimba jicho mpaka halifunguki, homa juu, halafu mtu mzima na akili zake anatoa kichupa cha matone eti tuweke haya tuangalie mpaka kesho. Kesho gani jamani? Matone yanafanya kazi juu ya jicho, maambukizi yaliyoingia nyuma kwenye tundu la jicho hayafikiwi hata ukimwaga kichupa chote.

Na mara nyingi shida yenyewe haijaanzia jichoni, imeanzia kwenye sinasi, vile vyumba vya hewa pembeni ya pua. Mtoto alikuwa na mafua hayaishi, na ukuta kati ya sinasi na tundu la jicho ni mfupa mwembamba kama karatasi, bakteria wanapenya tu. Ndo maana daktari wa pua na masikio aitwe mapema, sio wa macho peke yake.

Si kila uvimbe ni balaa lakini. Kama ni kope tu, jicho linazunguka na kuona vizuri, mtoto sio mchanga na yuko mchangamfu, anaweza kutibiwa kwa dawa za kumeza mradi arudishwe kesho yake kuangaliwa. Ila jicho likitokeza mbele, likiuma akiligeuza au likigoma kugeuka, anaona vitu viwiliviwili, hapo ni kulazwa, antibayotiki za mshipani kama ceftriaxone, mara nyingi na vancomycin juu yake, na CT scan, ile picha ya kuona ndani ya kichwa. Huko nyuma ya jicho mishipa ya damu imeungana na ya ubongo, damu inaweza kuganda, jipu likatunga mpaka kwenye ubongo.

Sasa wodini napo. Jicho limevimba kwa hiyo halifunguliwi, watu wanapima homa wanaandika anaendelea vizuri! Homa inaweza kushuka huku neva ya jicho inabanwa na usaha. Fungueni hilo kope taratibu, atalia sawa, muone kama anaona, kama mboni inaitikia tochi, kama kitu chekundu anakiona chekundu kweli, sio kilichopauka, na mrudie kila baada ya masaa machache usiku na mchana. Mimi nikiambiwa nichague kati ya CT ya pili na nesi mwenye tochi anayerudi kila masaa 4, nachukua nesi.

Upasuaji nao, kuna wazazi wanaudai siku hiyohiyo na kuna wanaoukimbia kabisa. Mtoto wa chini ya miaka 9 mwenye jipu dogo ndani ya tundu la jicho, upande wa pua, na anaona vizuri, mara nyingi dawa peke yake zinamaliza. Uoni ukianza kushuka hakuna kusubiri, usaha utolewe, na kama siku mbili za dawa zimepita hakuna nafuu, vilevile.

Halafu akiruhusiwa zile dawa za kumeza zimalizwe, jumla ya matibabu huwa kama wiki 2 hadi 3, hata kama uvimbe ulishaisha siku nyingi.